Bima ya Gari ni Haki ya Mpita Njia

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Maneno hayo yana ukweli wake, kwani hapana dereva, hata awe hodari namna gani, awezaye kuapa asubuhi kwamba jioni atarudi nyumbani salama pamoja na wote aliokutana nao barabarani. Lakini ajali ikishatokea, vumbi likatua na majeruhi wakapelekwa hospitali, huzuka swali ambalo methali hiyo haikulijibu. Ni nani atakayelipa?

Ni nani atakayelipa dawa, picha za mifupa na kitanda cha wodini? Ni nani atakayelipa karo ya watoto ikiwa baba amelala kitandani miezi sita, au ikiwa amezikwa? Dereva aliyegonga mara nyingi ni mwajiriwa tu, naye hana kitu. Mwenye gari huenda ameliweka rehani, au amejificha. Mahakama yaweza kumtia dereva hatiani na kumtoza faini, lakini faini huingia katika hazina ya Serikali, haiingii katika mkoba wa mjane.

Kwa ajili ya swali hilo, nchi nyingi duniani ziliweka sheria inayomlazimisha kila mwenye chombo cha moto kukata bima kabla ya kukitoa barabarani. Makala haya yanaeleza sheria hiyo ilitoka wapi, inafanya kazi vipi, kwa nini baadhi ya watu huikwepa, na Serikali za nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimefanya juhudi gani ili barabara ziache kuwa makaburi.

Hesabu ya roho za watu

Yafaa kwanza kuitazama hesabu yenyewe. Nchini Uganda, kwa mujibu wa taarifa za Polisi, watu wapatao 4,800 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2023. Mwaka uliofuata, 2024, idadi hiyo ilipita 5,100. Ukiigawa idadi hiyo kwa siku za mwaka, utapata wastani wa watu 14 kila siku. Hao ni sawa na abiria wote wa teksi moja ya viti 14, ambao wangeondoka stendi kila asubuhi, wasifike waendako, na kesho yake teksi nyingine ikajazwa vivyo hivyo, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Kwa upande wa dunia nzima, Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2021 barabara ziliua watu milioni 1.19. Shirika hilo limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Aidha, zaidi ya nusu ya wanaokufa hawamo ndani ya magari: ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Na vifo zaidi ya tisa katika kila kumi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo hazina wingi wa magari kama nchi za matajiri.

Hapo ndipo uhusiano wa bima na usalama unapoonekana wazi. Anayeumia zaidi ni yule asiye na gari. Yeye hakuchagua dereva, hakuchagua mwendo, wala hakuulizwa kama breki zinashika. Kwa hiyo, haki yake isipolindwa na sheria, hapana kitu kingine kitakachomlinda.

Mtu wa tatu ni nani?

Watu wengi husikia maneno "bima ya mtu wa tatu" bila ya kuuliza mtu wa kwanza ni nani na wa pili ni nani. Mkataba wa bima hufanywa baina ya watu wawili. Wa kwanza ni mwenye gari, ambaye hulipa ada. Wa pili ni kampuni ya bima, ambayo huahidi kulipa pindi jambo lililotajwa litokeapo. Mtu wa tatu ni yule aliye nje ya mkataba huo, ambaye pengine hata hajui kwamba mkataba upo: mama aliyebeba tenga la ndizi kandokando ya njia, mwanafunzi anayevuka kwenda shule, au mzee anayesukuma baiskeli yake mlimani.

Bima hiyo ni tofauti na ile iitwayo bima kubwa. Bima kubwa humlinda pia mwenye gari dhidi ya hasara ya gari lake mwenyewe, likiibwa, likiungua au likivunjika. Hiyo ni hiari yake. Bima ya mtu wa tatu siyo hiari. Mwenye gari hulazimishwa kuilipia kwa sababu faida yake si yake peke yake, ni ya umma. Kwa maana hiyo, stika iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele haikuwekwa pale kwa ajili ya kumridhisha askari wa trafiki. Ni tangazo kwa kila mpita njia kwamba chombo hiki kikikudhuru, kuna mahali pa kudai.

Wazo hilo lilianza zamani. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1920, magari yaliongezeka kwa kasi na watu wengi waligongwa. Waliogongwa walishinda kesi mahakamani, lakini waliposhinda wakakuta kwamba waliowagonga hawana fedha. Ndipo Bunge la nchi hiyo lilipopitisha Sheria ya Barabara ya mwaka 1930, na tangu tarehe 1 Januari 1931 ikawa ni kosa kuendesha gari bila ya bima ya mtu wa tatu. Mwaka 1946 makampuni ya bima ya huko yaliunda chombo cha pamoja cha kuwalipa watu walioumizwa na madereva wasiokuwa na bima, na fedha zake zilitoka katika ada za wale waliokata bima kwa uaminifu.

Sheria za namna hiyo ziliingia Kenya na Tanganyika tangu siku za utawala wa kikoloni, na zikaendelea baada ya Uhuru. Tanzania iliunda Shirika la Bima la Taifa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara yote ya bima ilikabidhiwa shirika hilo, hadi soko lilipofunguliwa tena kwa sheria ya mwaka 1996. Kongo iliunda shirika lake la taifa, SONAS, mwaka 1966, nalo lilishika biashara hiyo peke yake kwa karibu miaka hamsini, mpaka sheria ya mwaka 2015 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine. Uganda ilitunga sheria yake ya bima ya magari kwa ajili ya mtu wa tatu mwaka 1989.

Kwa nini wengine huikwepa

Ikiwa sheria ipo na faida yake ni kubwa, kwa nini basi wako wanaoendesha bila ya bima? Sababu ni kadha wa kadha, na si zote zinatokana na ubaya wa moyo.

Sababu ya kwanza ni umaskini pamoja na haraka ya kutafuta riziki. Kijana aliyekopa fedha kununua pikipiki ya bodaboda hulazimika kumrejeshea mkopeshaji kila juma. Akichagua baina ya petroli ya leo na bima ya ajali ambayo huenda isitokee, huchagua petroli. Hafikiri kwamba ajali moja itamwachia deni kubwa kuliko la pikipiki, na kwamba abiria wake atabaki na mguu uliovunjika bila ya msaada.

Sababu ya pili ni udanganyifu. Kwa miaka mingi hati za bima zilikuwa karatasi tupu zilizopigwa chapa, na wadanganyifu wakajifunza kuzipiga chapa wao. Mwenye gari hununua kwa bei rahisi stika iliyouzwa na mtu asiye wakala wa kampuni yoyote, akaridhika kwamba askari hatamsumbua. Siku ya ajali ndipo inapogunduliwa kwamba nambari iliyo kwenye stika haipo katika kitabu cha kampuni yoyote. Wako waliofanya hivyo kwa kujua, na wako waliodanganywa wao wenyewe.

Sababu ya tatu ni kutoaminika kwa baadhi ya makampuni. Mwananchi aliyeona jirani yake akizungushwa miaka mitatu pasipo kulipwa hushawishika kuamini kwamba bima ni kodi nyingine tu. Huko Kenya, baadhi ya makampuni yaliyokuwa yakikatia bima matatu yalishindwa kulipa madai na kufungwa, yakawaacha wenye magari na majeruhi wakitazamana. Jambo kama hilo huvunja imani ya watu, na imani ikishavunjika huchukua muda mrefu kujengwa upya.

Sababu ya nne ni mauziano ya magari pasipo kubadilisha jina katika daftari la Serikali. Gari hupita mikono mitatu au minne likiwa bado na jina la mwenyewe wa awali. Likisababisha ajali, kila mmoja humnyooshea kidole mwenzake, na aliyeumia hubaki katikati.

Juhudi za Serikali

Serikali za nchi zetu hazikukaa kimya. Juhudi zao zimekuwa za aina mbili: kuhakikisha kwamba kila chombo kina bima ya kweli, na kupunguza ajali zenyewe ili bima isihitajike mara kwa mara.

Kuhusu jambo la kwanza, hatua kubwa ya miaka ya karibuni ni kuondoka katika karatasi na kuingia katika kumbukumbu za kompyuta. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ilianzisha mtambo ambao kila bima ya gari huandikwa humo, na mwananchi au askari aweza kuihakiki kwa simu kwa kutumia nambari ya gari au ya stika. Nchini Kenya, chama cha makampuni ya bima kilianzisha hati za kidijitali badala ya zile za karatasi, kwa shabaha hiyo hiyo. Faida ya utaratibu huo ni kwamba mdanganyifu aweza kuiga rangi ya stika, lakini hawezi kuingiza jina katika daftari asilolishika.

Kuhusu jambo la pili, mfano unaokumbukwa zaidi ni ule wa Kenya. Tarehe 1 Februari 2004, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, alianza kutekeleza kanuni ambazo wananchi waliziita kwa jina lake. Kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama katika viti vyote na kidhibiti mwendo cha kuizuia isipite kilomita 80 kwa saa. Ilitakiwa pia kuwa na mstari wa manjano ubavuni, na dereva na kondakta wake kuvaa sare. Magari ambayo hayakutimiza masharti yalizuiwa, na maelfu ya watu walitembea kwa miguu kwenda kazini siku hizo. Wengi walinung'unika, lakini baadaye walikiri kwamba safari zilikuwa na utulivu ambao haukuwapo. Ni jambo la kusikitisha kwamba ukali wa kusimamia kanuni hizo ulilegea baadaye, mikanda ikachakaa na vidhibiti mwendo vikachezewa. Kanuni isiyosimamiwa kila siku hugeuka kuwa kumbukumbu.

Rwanda nayo ilitoa amri mwaka 2015 kwamba magari ya abiria na ya mizigo yafungwe vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa. Mwaka 2019 Polisi ya nchi hiyo ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani "fika kwa amani", ambayo ilifundisha makanisani, misikitini, shuleni na katika vituo vya mabasi. Uganda, kwa upande wake, ilianzisha operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Fika Salama, mwaka 2016, baada ya vifo vingi katika barabara ya Kampala kwenda Masaka. Tanzania ina Wiki ya Nenda kwa Usalama, ambayo wakati wake magari hukaguliwa na wananchi huelimishwa.

Mwendo umewekwa mbele katika juhudi hizi zote kwa sababu nzuri. Wataalamu wa Shirika la Afya Ulimwenguni wanaeleza kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa sehemu moja katika mia, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa sehemu nne katika mia. Dakika tano anazoziokoa dereva zaweza kuwa na bei ya maisha ya mtu mzima. Vivyo hivyo, kofia ngumu iliyofungwa sawasawa kidevuni humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kufa kwa zaidi ya mara sita. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani haina faida yoyote.

Kadi ya Njano na magari yanayovuka mipaka

Nchi zetu zimefungamana kwa barabara. Lori linalopakia shehena Mombasa hupita Malaba au Busia, huvuka Uganda yote na kufika Kigali, Bujumbura au Goma. Lori jingine hutoka Dar es Salaam na kwenda Lusaka au Lubumbashi. Je, lori la Kenya likimgonga mwananchi karibu na Mbarara, huyo mwananchi atakwenda kudai Nairobi?

Swali hilo lilishughulikiwa tangu mwaka 1986. Tarehe 4 Desemba mwaka huo, nchi zilizokuwa katika Eneo la Biashara la Upendeleo la Afrika ya Mashariki na Kusini, ambalo baadaye likawa COMESA, zilitia saini mkataba huko Addis Ababa wa kuanzisha bima ya pamoja ijulikanayo kama Kadi ya Njano. Utaratibu huo ulianza kufanya kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika utaratibu huo wa kadi kutokana na faida yake.

Kazi ya kadi hiyo ni rahisi kuifahamu. Mwenye gari huinunua kwa kampuni ya bima ya nchini kwake kabla ya kuanza safari, pamoja na bima yake ya kawaida. Akivuka mpaka, hahitaji kununua bima mpya katika kila nchi anayopita. Akisababisha ajali, aliyeumia hupeleka madai yake katika ofisi ya taifa ya Kadi ya Njano iliyo katika nchi yake mwenyewe, na madai hayo huamuliwa kwa sheria za nchi ile ambamo ajali ilitokea. Ofisi hiyo hulipa, kisha hurejeshewa na upande wa kampuni iliyotoa kadi. Dereva wa kigeni na abiria wake nao husaidiwa gharama za matibabu.

Kwa hiyo ni jambo la busara kwa wananchi wanaoishi kandokando ya barabara kuu kujua kwamba lori lenye nambari za kigeni si lori lisilo na mwenyewe. Likipata ajali, zichukuliwe nambari za kichwa na za trela pia, kwani mara nyingine vitu hivyo viwili huandikwa mbali mbali, na iulizwe nambari ya kadi yake.

Mafunzo kutoka nchi za mbali

Si vibaya kutazama wenzetu wamefanyaje. Uingereza, iliyoanza na sheria ya mwaka 1930, iligundua kwamba kutegemea askari asimamishe gari moja moja na kuomba karatasi hakutoshi. Sheria ya mwaka 2005 iliwapa polisi uwezo wa kulikamata gari lisilo na bima papo hapo, na lisipokombolewa kwa muda uliowekwa huuzwa au huvunjwavunjwa. Mwaka 2011 iliongezwa hatua nyingine: gari lililoandikishwa lazima liwe na bima wakati wote, hata likiwa limesimama uani, isipokuwa mwenyewe awe ametoa taarifa rasmi kwamba halitumiki. Daftari la magari hulinganishwa na daftari la bima, na asiyeonekana katika daftari la pili huandikiwa barua nyumbani kwake. Kamera za barabarani nazo husoma nambari na kuziuliza kumbukumbu hizo hizo.

Nchi hiyo inafundisha jambo jingine pia. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,300 walikufa katika barabara zake, wakati magari yalikuwa milioni chache tu. Mwaka 2023 waliokufa walikuwa takriban 1,600, ingawa magari yamepita milioni 40. Mabadiliko hayo hayakuja kwa dua peke yake. Yalikuja kwa mtihani wa udereva uliowekwa mwaka 1935, kwa kipimo cha ulevi cha mwaka 1967, kwa mkanda uliolazimishwa katika viti vya mbele mwaka 1983, na kwa barabara zilizojengwa vizuri zaidi. Huo ni ushahidi kwamba vifo vya barabarani si amri ambayo binadamu hawezi kuibadili.

Afrika ya Kusini ilichagua njia tofauti. Huko kila lita ya mafuta inayonunuliwa ina kiasi kinachokwenda katika Mfuko wa Ajali za Barabarani, na mfuko huo ndio unaowalipa majeruhi. Njia hiyo ina uzuri wake, kwani hapana awezaye kuendesha gari bila ya mafuta, na hivyo hapana awezaye kukwepa. Lakini mfuko huo umelemewa na madeni makubwa, na wadai wengi hungoja muda mrefu. Yaonyesha kwamba kukusanya fedha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuzilinda na kuzilipa kwa wakati.

Pengo lililobaki

Pamoja na juhudi zote zilizotajwa, pengo bado lipo. Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha fidia cha shilingi milioni moja kwa mtu mmoja. Wakati ule kiasi hicho kilikuwa fedha ya maana ambayo ingeweza kuinusuru familia. Miaka mingi imepita tangu hapo, bei zimepanda, na shilingi milioni moja sasa haitoshi kulipia hata upasuaji wa mguu uliovunjika vibaya. Aliyeumia hulazimika kumshitaki mwenye gari kwa kiasi kilichobaki, na hapo hurudi katika tatizo lile lile lililozaa sheria yenyewe. Wataalamu wengi wa bima wametaka vikomo vya namna hiyo vipandishwe, nao wana haki. Ni kweli kwamba kikomo kikipandishwa ada nayo itapanda kidogo. Lakini bima ya bei ndogo isiyoweza kumtibu mtu ni ghali kuliko inavyoonekana.

Pengo jingine ni la wale wanaogongwa na gari lililokimbia usiku, ambalo hapana aliyeiona nambari yake. Rwanda imeunda mfuko maalumu wa dhamana unaoshughulikia watu kama hao, pamoja na wale waliogongwa na magari yasiyo na bima. Nchi ambazo bado hazina mfuko wa namna hiyo zingefanya vema kuufikiria.

Na pengo kubwa kuliko yote ni kutojua. Familia nyingi humzika marehemu, hupokea rambirambi kidogo kutoka kwa mwenye gari, hutia dole gumba katika karatasi wasiyoisoma, na mambo huishia hapo. Karatasi hiyo pengine inasema kwamba wamelipwa haki yao yote na hawatadai tena.

Wajibu wa kila nyumba

Yafaa basi kila nyumba ifahamu mambo machache, na wazee wawafundishe vijana wao.

Ajali ikitokea, kwanza waokolewe majeruhi, kisha iandikwe nambari ya gari, jina la kampuni ya bima na nambari ya stika iliyo kwenye kioo. Mtoto wa shule mwenye kalamu aweza kuifanya kazi hiyo, na mwenye simu aweza kupiga picha. Polisi waarifiwe siku hiyo hiyo, na nambari ya kumbukumbu ya jalada itunzwe, kwa kuwa hapana kampuni itakayosikiliza madai yasiyo na taarifa ya polisi.

Stakabadhi zote za hospitali, za dawa na za nauli zihifadhiwe katika bahasha moja. Ikiwa mtu amefariki, ipatikane hati ya kifo, pamoja na vyeti vya kuonyesha nani ni mke, mume au watoto wake. Madai yapelekwe mapema, kwa sababu sheria huweka muda, na muda ukipita haki huweza kupotea. Isitiwe saini karatasi yoyote kabla ya kusomwa na mtu anayeaminika, awe ni mwalimu, karani wa kata au wakili. Na anayejitokeza hospitalini akiahidi kufuatilia fidia kwa kulipwa nusu yake, atazamwe kwa uangalifu.

Mwenye gari au pikipiki anunue bima katika ofisi ya kampuni au kwa wakala anayejulikana, na aihakiki nambari yake mara anapoipata. Akiuza chombo chake, abadilishe jina kabla ya kukabidhi ufunguo. Abiria naye asione haya kumwambia dereva apunguze mwendo. Kelele za abiria mmoja zaweza kupuuzwa, lakini gari zima likisema kwa sauti moja, dereva hana budi kusikia.

Serikali imetunga sheria, na itaendelea kulaumiwa kwa haki pale isipozisimamia. Lakini askari wa trafiki hawezi kusimama katika kila kona ya kila barabara. Kabla ya kupanda bodaboda kesho asubuhi, kila mmoja aulize kama kofia ya abiria ipo, na atazame kama stika ya bima haijakwisha muda wake. Dereva atakayeulizwa na abiria kumi kwa siku moja, siku ya pili atakuwa amekwenda kuikata.